Jumamosi ya Kome

Junda, Kisauni
11 Machi 2024

Changawa,

Sianzi na salamu kwa sababu sijui nikusalimu kama nani. Miaka tisa nimekuita shemeji. Ulikuwa rafiki wa mume wangu, ulikula kwangu, na siku mvua ilipokata barabara wewe ndiye uliyembeba Lynnette mgongoni mpaka kliniki. Leo uko rumande, Absalom yuko chini ya udongo wa Ugenya, na polisi wanasema ni wewe uliyemweka huko.

Tumerudi jana kutoka kuzika. Nataka ujue nilichokiona mochari, maana nyinyi wanaume mkishapigana mnaondoka, na sisi ndio tunaobaki kuosha. Nyuma ya kichwa mfupa ulikuwa umeingia ndani. Ngumi yangu ingeenea pale. Jicho moja lilikataa kufungwa. Kiganja cha mkono wa kulia kilipasuliwa kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho, na ndani niliuona mfupa. Nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kiwandani, kwa sababu sikutaka azikwe na mkono ulio wazi. Mhudumu aliniambia hakuna haja. Nilishona.

Polisi wana mtaimbo wako, ule wa machimboni Mwakirunge ulioupiga ncha ikawa bapa ili ukwangulie kome. Wanasema ulikuwa na nywele zake.

Mimi sikuwepo, nilikuwa zamu kiwandani Changamwe. Asubuhi ile aliniambia anakwenda kukwangua kome kama kila Jumamosi. Miezi mitano alikuwa akienda. Alirudi magoti yamechanika, viatu vimekatwakatwa, anacheka, anasema wadudu hawa wamekuja na meli bila pasipoti na watarudi bila pasipoti. Nilimwosha vidonda vyake kwa maji ya chumvi na nikamwambia, hii pwani itakuua. Nilisema kwa utani.

Wewe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kusafisha ufuo na wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Nani alimuua mume wangu? Usinidanganye, Changawa. Nakujua unavyosema uongo.

Philister

*

Rumande
26 Machi 2024

Mama Lynnette,

Salamu sana, na pole. Sina neno jingine la kuanzia. Barua hizi husomwa na askari kabla hazijatoka, kwa hiyo utanisamehe nikiandika kwa kujizuia.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Tulikuwa kama watu ishirini na watano. Tulishasafisha kutoka kwenye mikoko mpaka penye boti, na kwa mara ya kwanza tangu kome wale waingie hori letu, mchanga ulionekana. Mama yangu alikuwa kwenye miamba na wanawake wenzake. Aliniita nikaone. Chini ya tabaka la kome alikuwa amekuta chaza wawili wazima. Unajua maisha yake yote alikuwa mtu wa chaza, mpaka kome walipowafunika wakafa. Alikuwa anawashika kama vifaranga.

Ndipo pikapu nyeupe ikaja na Maxwell, yule dalali wa viwanja, na vijana kumi na wawili wenye mapanga na marungu. Nyuma walipakia nguzo za saruji na seng'enge. Maxwell akasema ufuo una mwenyewe, ana hati, tuondoke. Kenga, mwenzetu wa kikundi, akamjibu, "Ufuo huu ulipokuwa unakata watu miguu, mwenyewe alikuwa wapi? Amengoja tuusafishe?"

Panga lilishuka kwenye mkono aliounyoosha, na vidole vitatu vikaanguka katikati ya makombe. Kenga hakulia. Alipiga magoti akaanza kuvitafuta kwa mkono wa pili, na wakampiga rungu akiwa anatafuta.

Baada ya hapo sijui nikupangie vipi. Kila aliyeanguka aliangukia kome, na kome ni wembe. Niliona mwanamke akiburutwa kwa nywele juu yao, mgongo wote ukabaki mwekundu kama nyama ya buchani. Mimi nilimpiga mmoja goti nikausikia mfupa. Mama yangu alikatwa bega na taya. Mpaka leo taya limefungwa kwa waya na hawezi kusema.

Absalom alikuwa nasi tangu asubuhi, upande wangu wa kulia, na mtaimbo wake. Katika ile fujo tulipotezana. Nilipomwona tena alikuwa amelala. Mtaimbo wangu ulikuwa umeniponyoka, na yeyote angeweza kuuokota. Sikuona aliyempiga.

Mwambie Lynnette asome kwa bidii.

Changawa Munga

*

Junda
21 Aprili 2024

Changawa,

Mtaimbo wa Absalom uko nyuma ya mlango wangu. Una matope makavu ya Jumamosi iliyotangulia. Hakuuchukua siku ile. Nilikuambia usinidanganye.

Nilipoanza kuutazama mtaimbo ule nikaanza kutazama na vitu vingine. Katika koti lake la kanisani nimekuta karatasi. Ni makubaliano kati yake na Maxwell. Mume wangu ametia sahihi kwamba yeye ni mwakilishi wa kikundi na kwamba wakazi hawana pingamizi ufuo ukizungushiwa ua. Nyuma kuna orodha ya majina yenu, kwa mwandiko wake. Kenga, Jumwa, wewe, mama yako. Na yeye ameahidiwa kiwanja kimoja hapohapo ufuoni, kwa jina la Lynnette.

Niliisoma nimesimama. Halafu nikaisoma nimekaa chini.

Tumekaa Junda miaka kumi na nne katika vyumba viwili vya kupanga, na kila mwenye nyumba akitaka kutuudhi hutuita watu wa bara. Alikuwa akisema, siku moja mtoto wangu atakuwa na mahali ambapo hakuna atakayemuuliza alikotoka. Nilidhani ni maneno ya kila baba.

Jana kikundi kilirudi ufuoni. Nguzo zao zimesimama, na kome wameanza kuota juu ya nguzo. Nilikwenda nao. Usiniulize kwa nini. Nilichukua mtaimbo wa Absalom nikaenda. Tulikwangua kama saa moja, kisha vijana wale wakaja tena, na safari hii polisi walifika nyuma yao, wakapiga mabomu ya machozi upande wetu tu. Jumwa alipigwa rungu la mgongo akatapika damu juu ya ndoo yake. Kijana mmoja alinishika shingo. Nilimpiga mtaimbo wa mdomo. Meno yalimtoka. Akakaa chini akawa anayatazama mkononi kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa, na mimi, Changawa, nikainua tena. Jumwa ndiye aliyenishika mkono.

Sasa najua mkono unavyokuwa. Kwa hiyo usinionee huruma. Absalom alifikaje ufuoni bila mtaimbo? Alifika na nani? Nani alimpiga?

Philister

*

Rumande
5 Mei 2024

Mama Lynnette,

Askari atakayeisoma hii na aisome.

Alishuka kwenye pikapu. Alikaa nyuma, kati ya nguzo na wale vijana, na aliposhuka hakunitazama. Kenga alikuwa hajakatwa bado. Nilimwita, "Absalom, unafanya nini huko?" Akainamisha kichwa. Maxwell akamsukuma mbele, akasema, "Mwakilishi wenu huyu hapa. Ameshakubali."

Nilikuficha hilo kwa sababu nilitaka ubaki na mume mzuri. Na nilijificha mimi pia, sikatai.

Mapigano yalipoanza sikumwona. Niligeuka baada ya kusikia sauti ya mama. Hakuwa anaita, ilikuwa sauti kama ya mbuzi. Alikuwa chini kwenye miamba, taya limening'inia, damu inamwingia machoni. Na juu yake alikuwa ameinama Absalom, panga mkononi.

Nilikimbia juu ya kome bila viatu, sikusikia nyayo zangu zinavyokatika. Nilimpiga kutoka nyuma. Akaanguka kwa magoti. Panga likamtoka. Akajaribu kugeuka anitazame, akasema, "Chan—" kama alivyozoea kuniita, hakumaliza.

Nikampiga tena.

Nataka uelewe jambo hili vizuri kwa sababu wakili hataki nilitaje. Pigo la kwanza lilikuwa la mama yangu. La pili halikuwa na kazi. Panga lilishaanguka, mtu alikuwa amepiga magoti, amenipa kisogo. Nilimpiga la pili kwa sababu ya pikapu. Kwa sababu alikula kwangu. Nilitaka afe na nilijua ninachokifanya.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Usiponiandikia tena nitaelewa.

Changawa

*

Rumande
30 Juni 2024

Mama Lynnette,

Naandika tena ingawa hukujibu. Kenga alikuja kunitazama. Anasema hujaonekana ufuoni wala kanisani. Anasema mama ameanza kufunguliwa waya za taya lakini hataki kuja kunitazama, na nikituma salamu analia. Sijui nimemkosea nini. Nilidhani yeye angalau angejua kwa nini nilifanya.

Kama una la kusema hata matusi, andika.

Changawa

*

Junda
18 Agosti 2024

Changawa,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Sasa nitakuambia yote, na usidhani nakuambia kwa wema.

Siku niliyoipokea ile ya Mei niliisoma nikavaa viatu, nikachukua mtaimbo nyuma ya mlango, nikaenda kwenu. Nilikuwa namwendea mama yako. Nilisema, amenichukulia mume kwa ajili ya mama yake, basi na abaki bila mama. Ilikuwa mchana, watu wakanisalimia njiani, na mimi nikaitikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa kimefungwa usoni. Aliuona mtaimbo. Nadhani alijua, kwa sababu hakuinuka. Nilisimama juu yake, nikaushika kwa mikono yote miwili. Akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wangu wa kulia, akauachanisha na chuma kidole kimoja kimoja. Akakikunjua kiganja. Halafu kwa kidole chake akapiga mstari kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho.

Hakuna aliyemwambia mama yako juu ya kiganja cha Absalom. Nilikishona peke yangu.

Nikadondosha chuma. Nikamwambia, "Mama, umeona nini?"

Alikuwa hawezi kusema bado. Nilikwenda kila Jumapili mpaka alipoweza. Maneno yanamtoka vipandevipande na mate yanamwagika, lakini akili yake ni nzima. Nakuandikia kama alivyosema.

Aliyemkata ni kijana mmoja mwenye kofia nyekundu. Alimkata bega, akamkata taya, akainua kwa mara ya tatu. Absalom akaja anakimbia anapiga kelele, "Hatukupatana hivi! Mlisema mtawatisha tu! Huyu ni mama yangu!" Panga likiwa linashuka akalidaka. Akalidaka kwa makali, Changawa, kwa kiganja kitupu, na hakuliachia. Yule kijana akavuta mpaka akaona halitoki, akaliacha akakimbia. Absalom akabaki amelishika upande wa makali, damu inamtiririka mpaka kiwikoni, akainama amnyanyue mama yako. Alimwambia, "Nishike shingo, mama."

Ndipo ukaja wewe kwa nyuma.

Mama yako aliona mapigo yote mawili. Alikuwa anajaribu kukuambia acha, na taya halikuwepo la kusemea. Ile sauti ya mbuzi uliyoisikia ilikuwa hiyo.

Hataki kuja kukutazama kwa sababu anaogopa utamuuliza. Na alinyamaza hata alipoweza kusema kwa sababu alidhani akifungua mdomo atakutia kitanzi mwenyewe. Nilimuuliza, "Mbona umeniambia mimi?" Akasema, "Wewe ulikuja na chuma. Ningekufa nawe hujui mumeo alikuwa nani."

Mimi bado sijui alikuwa nani. Aliwaleta wale watu. Aliandika majina yenu kwa mwandiko wake mzuri, na jina la mama yako limo. Halafu akadaka panga. Nikitaka kumlilia namkasirikia, nikimkasirikia namlilia.

Yale makubaliano niliyoyakuta katika koti nimeyapeleka kwa mpelelezi pamoja na nakala kwa wakili wako. Yana sahihi ya Maxwell. Bila karatasi hiyo, kesi ni yako peke yako, marafiki wawili waliogombana ufuoni, na waliokata watu hawamo. Kaka zake Absalom wamenipigia simu kutoka nyumbani. Wanasema nikisimama mahakamani kusema ndugu yao aliuza watu, nisirudi tena Ugenya, hata nikifa. Nimewaambia nimesikia.

Philister

*

Rumande
1 Septemba 2024

Mama Lynnette,

Nimeisoma mara moja, sitaweza mara ya pili. Wenzangu wa selo walinishika mikono na miguu, maana nilikuwa napiga kichwa ukutani. Paji la uso limeshonwa.

Aliniita jina langu. Nilidhani anaomba msamaha. Alikuwa anataka nimsaidie kumbeba mama.

Wakili amefurahi na ile karatasi. Anasema sasa naweza kukiri kuua bila kukusudia, ila nisitaje pigo la pili, kwamba ni moja tu, katika ghasia, nikimtetea mzazi. Nimemwambia yalikuwa mawili na nitayasema mawili. Ameniita mjinga.

Sikuombi kitu.

Changawa

*

Junda
23 Februari 2025

Changawa,

Sikuja kukutazama baada ya hukumu kwa sababu ulikuwa unatazama sakafu.

Nilisema yote niliyoyajua. Nilipofika kwenye ile orodha ya majina, kaka zake Absalom waliinuka wote watatu wakatoka, na mlango wa mahakama ulivyo mzito, kila mmoja alipotoka uligonga. Lynnette alikuwa kando yangu. Sikutaka aje, akasema ana miaka kumi na minne na jina lake liko kwenye ile karatasi. Tulipotoka nje akaniuliza kama baba alikuwa mwizi. Nikamwambia alikuwa. Akaniuliza kama alikuwa jasiri. Nikamwambia alikuwa.

Jaji alipokuuliza ulimpiga mara ngapi, wakili wako akainama. Ulisema, "Mbili, mheshimiwa. La pili alikuwa amepiga magoti." Watu waliguna. Bila neno hilo nadhani ungepata miaka sita. Umepata kumi na miwili. Mimi nilihesabu kwa vidole: nusu ya miaka hiyo ni ya kweli uliyoisema. Sikusamehe, na usije ukaniomba. Lakini nililisikia.

Maxwell alikaa ndani wiki tatu, akatoka kwa dhamana. Kesi yake inaitwa tena Aprili. Yule mwenye kofia nyekundu hajapatikana. Tajiri mwenye hati hakuna aliyewahi kumwona. Kuna amri ya mahakama kwamba mtu yeyote asijenge mpaka uamuzi utolewe, kwa hiyo tumeng'oa zile nguzo sisi wenyewe. Zilikuwa nzito kwa sababu kome walikuwa wamezivaa kutoka juu mpaka chini. Kenga alifunga kamba kwa mkono wake wa vidole viwili na hakutaka kusaidiwa.

Kome wamerudi, Changawa. Mwaka mzima hatukukwangua ipasavyo na wamefunika kila mahali, mpaka penye boti, mpaka kwenye miamba aliyoangukia Absalom. Jana tulianza upya, watu kumi na mmoja tu. Tukikwangua tunaweka mtu mmoja juu barabarani wa kutazama magari. Kila pikapu ikipita wanawake wanasimama na vyuma vyao mpaka ipotee. Kome niliowajaza kwenye gunia walinikata mpaka nikaacha kuhisi.

Mama yako huja. Hawezi kuinua bega, hukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kukwangua mizizi ya mikoko kwa kisu kifupi. Hukaa kando yangu. Wale wengine hututazama kama watu wanaotazama moto, nami siwalaumu.

Jana alisema anataka kukuandikia. Unajua hakwenda shule, na Kenga hawezi kushika kalamu. Akanitazama mimi. Nilikwangua muda mrefu kabla ya kumjibu.

Anasema hivi: hajambo, taya linamuuma wakati wa baridi, na amekuja kuelewa kwamba ulidhani unamwokoa. Anasema kula chakula chako. Anasema atakuja mwezi ujao, nami nitampeleka kwa sababu hajui kubadilisha magari. Nitangoja nje ya lango.

Ukijibu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Andika herufi kubwa na usiandike mambo ya kumliza, maana mimi ndiye nitakayekuwa nasoma.

Philister